Sindimba, Singeli na Neno Lililobaki Nyuma

Juu ya uwanda wa Wamakonde, pande za Newala, sindimba ilifungamana na jando na unyago. Miaka ya 1960 kikundi cha ngoma cha taifa kiliipandisha jukwaani. Watazamaji wa mjini wakaona kiuno, wengine wakakilaani. Mafunzo yaliyoambatana nacho hayakupanda pamoja nacho.

Nusu karne baadaye safari hiyo ikaisibu singeli ya Dar es Salaam. Nyege Nyege wa Uganda walianzisha tamasha lao Jinja, kando ya Nili, mwaka 2015. Mwaka 2017 lebo yao huru ikatoa *Sounds of Sisso*, mkusanyo uliotokana na studio ya Sisso, Mburahati. Mwaka uliofuata Bamba Pana na Makaveli wakapanda majukwaa ya Ulaya, na singeli ikapokewa kama muziki wa majaribio, ikastaajabiwa kwa mapigo yake yapitayo 200 kwa dakika. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni nusu. Makaveli ni mghani: juu ya mdundo huo hutiririsha kejeli, nasaha na masaibu ya uswahilini, kwa Kiswahili ambacho hata mwenyeji hukifukuzia.

Mwaka huohuo wa 2018 Simon Lokodo, waziri wa maadili wa Uganda, alilipiga marufuku tamasha la Jinja kwa madai ya uasherati, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Shutuma zikawa zilezile za kiuno. Na shabiki wa Ulaya, aliyelipa kiingilio chake kwa mapenzi ya kweli, aliruka hadi alfajiri bila kujua kwamba alikuwa akinasihiwa.