Zumu Isiyoweza Kujitaja

Waliotufundisha kupiga picha kwa filamu walitupa kanuni moja: ukishika lenzi ya milimita 200 mkononi, shata isiwe taratibu kuliko sekunde 1/200. Ukishuka hapo mkono unatikisa picha, tafuta stendi. Kwa zumu ndefu, jioni ilikuwa inaisha mapema.

Zumu ya kwanza ya kamera za filamu ya milimita 35 ilitoka 1959: Zoomar ya 36–82 ya Voigtländer, iliyobuniwa na Frank Back. Nikon ikaleta 43–86 mwaka 1963. Ninayoipenda mimi kuliko zote ni Nikkor 80–200 f/4.5 ya miaka ya 1970. Ina pete moja tu: unaizungusha kulenga, unaisukuma au kuivuta kubadili urefu wa fokasi. Ni chuma na vioo, haina waya hata mmoja.

Dawa ya mtikisiko ilianzia ndani ya lenzi kwa sababu ya filamu. Mkanda uliotandazwa kati ya spuli mbili huwezi kuusogeza huku na huku shata ikiwa wazi, kwa hiyo Canon, mwaka 1995, iliweka vioo vinavyosogea ndani ya zumu yake ya 75–300. Lenzi za zamani ziliachwa vilevile. Zilikuja kukombolewa na kihisi cha dijitali, kwani hicho ni kibati kidogo, sumaku zinakisogeza. Konica Minolta ilianza na DiMAGE A1 mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikatoa Dynax 7D, ya kubadilisha lenzi. Mwaka 2014 Sony A7 II ilifikisha teknolojia hiyo kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi zenye kihisi kikubwa kama fremu ya filamu, na kwa adapta Nikkor yangu inakaa hapo vizuri kabisa.

Lakini kamera inapima pembe ya mtikisiko tu. Mkono ukiyumba sehemu ya kumi ya digrii, picha inahama milimita 0.14 kwa lenzi ya 80, na 0.35 kwa 200. Lenzi ya kisasa inaitajia kamera urefu wake. Ya zamani haiwezi, lazima uandike wewe kwenye menyu. Na zumu haitulii kwenye namba moja! Nikiandika 200 kisha nikapiga kwa 80, kihisi kinakwenda mara mbili na nusu ya kinachotakiwa, na picha inaharibika kuliko kama ningezima kila kitu. Nikiandika 80 nikapiga kwa 200, napata msaada pungufu, lakini ni msaada. Ndiyo maana kwenye harusi, pete inapokwenda na kurudi bila kupumzika, naacha namba ndogo.

Kwa hili nawapa heshima Pentax. K100D ya 2006 inapokea hata lenzi za K za 1975, na ukiiwasha ikiwa na lenzi ya aina hiyo, kabla ya lolote inakuuliza urefu.