Gemu Ni Ya Nani? Kutoka Atari Hadi Tabaka

Wasee, leo nawapea historia kidogo, na mkifika katikati mtajua kwa nini nimekasirika.

Mwaka wa 1979 Atari ilikuwa inauza gemu kama mahindi choma, lakini jina la aliyetengeneza gemu halikuandikwa popote. Kampuni ilitaka hivyo. Jamaa anaitwa Warren Robinett, akitengeneza gemu ya Adventure, akaficha chumba cha siri ndani yake. Ukikipata, unakuta maandishi yanayosema ni yeye aliyeitengeneza. Hakuwaambia mabosi. Aliacha kazi na siri yake, na kijana wa miaka 15 ndiye alikuja kugundua chumba hicho akaandikia kampuni barua. Mwaka huo huo wa 1979, wenzake kadhaa wa Atari waliochoka kufichwa na kulipwa kidogo walitoka wakaanzisha Activision, na huko mbunifu wa gemu akaanza kutajwa kwa jina.

Kwa hivyo vita vya jina kwenye gemu si vya jana.

Sasa twende kwa gemu jamu. Jamu hapa si ile ya Thika Road wala ile ya kupaka mkate. Ni kwamba mnapewa mada, mnapewa muda mfupi, na muda ukiisha mnatuma kile mlicho nacho, kikiwa kimeiva au bado. Machi 2002, Chris Hecker na Sean Barrett waliita marafiki huko Oakland, California, wakajifungia siku nne kutengeneza gemu za majaribio. Kitu ninachopenda kwenye hiyo stori ni kwamba hawakuanza na sifuri. Walipewa programu iliyokuwa tayari, yenye uwezo wa kuchora wahusika 100,000 kwenye skrini kwa mpigo, kisha kila mtu akaangalia atafanya nini nayo. Mwezi uliofuata, Geoff Howland akaanzisha Ludum Dare kwenye intaneti.

Ludum Dare ilikuja kuwa maarufu kwa shindano la mtu mmoja: picha, sauti, programu, kila kitu unafanya peke yako ndani ya saa 48. Noma, nakubali. Notch, yule wa Minecraft, alitengeneza Minicraft hivyo Desemba 2011 na watu wakashangilia. Lakini naona sheria hiyo ilituachia picha mbaya kichwani, ya kwamba mtengenezaji wa gemu ni msee mmoja usiku na laptopu, na wengine wote ni wasaidizi.

Global Game Jam ilipoanza 2009, kwenye vituo 53 katika nchi 23, mpango ulikuwa tofauti: watu wanakutana Ijumaa, wengine hata hawajuani, na Jumapili wana gemu pamoja. Halafu angalia Celeste. Mwaka wa 2015, Maddy Thorson na Noel Berry waliitengeneza kwa siku nne ikiwa kagemu kadogo ka PICO-8, skrini ya nukta 128 kwa 128 na rangi 16 tu. Ilipofika 2018 ilikuwa gemu kubwa ya kushinda tuzo. Hata Godot, programu tuliyotumia sisi, ilianzishwa na watu wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, wakaifungua kwa kila mtu bure mwaka wa 2014. Na hapa Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, kisha 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Ukichimba vizuri, karibu kila mahali unakuta wawili au zaidi.

Nimesema "sisi". Mwezi uliopita mimi na mwenzangu, dada mmoja wa hapa hapa Itumbe, tulituma gemu yetu ya kwanza kwenye jamu ya saa 48. Unacheza kama mchumaji wa majani chai: unajaza kikapu, unakimbia kufika kituoni kabla lori halijaondoka. Inachezeka dakika nne hivi. Stima ilipotea Jumamosi usiku, tukamalizia sauti kwa chaji iliyobaki. Mimi niliandika programu. Yeye alichora kila kitu, na ni yeye aliyesema kikapu kikijaa sana utembee polepole, uamue mwenyewe kama utachuma zaidi au utawahi lori. Ondoa hiyo sheria na hakuna gemu, kuna mtu anakimbia tu shambani.

Halafu watu wananiuliza, "Gemu yako inaendaje?" Yako! Yeye wanamwita "yule dada alikusaidia na picha".

Wagusii wenzangu, sisi tunajua hii tabia vizuri sana. Nendeni Tabaka. Mawe yanachimbwa, wanaume wanachonga, kisha akina mama wanakaa na beseni la maji na msasa, wanasugua mpaka lile jiwe lenye vumbi linatoa rangi yake ya waridi au krimu. Bila msasa hakuna mtalii atagusa. Kisha sanamu inasafiri hadi Nairobi, Mombasa na Ulaya, na chini imeandikwa imetengenezwa Kenya. Basi. Elkana Ong'esa ni mmoja wa wachache ambao jina lao limesafiri na jiwe; ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini wale mamia wengine? Na aliyesugua je? Nyanya ya mwenzangu amesugua mawe miaka mingi na ukimuuliza kazi yake, anasema alikuwa "anasaidia". Mjukuu naye ameanza kuongea hivyo hivyo kuhusu gemu, na hapo ndipo nilikasirika.

Na si mambo ya hisia tu. Mwaka huu anaomba nafasi ya kusomea uchoraji wa katuni, na wanataka kuona kazi aliyofanya. Gemu inayojulikana kama yangu haitamfungulia mlango wowote. Kwenye ukurasa wa gemu tumeandika majina yote mawili chini ya neno "watengenezaji", la kwake kwanza kwa sababu alfabeti imesema hivyo, na hatujaandika nani alifanya picha na nani programu. Kuna msee aliniambia hiyo inachanganya watu. Wacha wachanganyikiwe.

Mkiishea marafiki, tagini wote wawili. Na kama kuna mtu amewahi kufika kituoni na kikapu kimejaa mpaka juu, nitumieni picha, kwa sababu mwenzangu anasema haiwezekani na mimi nasema inawezekana.