Timu za Almasi, Dhahabu na Stendi

Mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940, na haukupita muda mrefu nyika ile ya Usukuma ikawa mji: uzio, geti la ukaguzi, nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Mji wa aina hiyo haukosi timu ya mpira. Mwadui ilipata yake, ikabeba jina la mgodi.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa akawa Sunderland, Simba ya leo. Soka lilikuwa la ridhaa. Hata hivyo, mashirika yalikuwa na njia yao: kijana mwenye kipaji aliajiriwa, akapata mshahara wa kazi na ruhusa ya kwenda mazoezini. Marekani, klabu ya besiboli ya Cincinnati Red Stockings ilikuwa imewalipa wachezaji wake wote hadharani tangu mwaka 1869. Huku kwetu malipo yalipitia dirisha la mishahara ya kazini kwa miongo kadhaa, na ndiyo maana timu nyingi za mikoani zilitegemea uhai wa mwajiri kuliko mapato ya mlangoni.

Mjini Shinyanga mambo yalianza kwingine kabisa. Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi, mikononi mwa wapiga debe na wenzao wanaoishi kwa kelele za safari. Mwaka 2014 ikapanda Ligi Kuu, na Uwanja wa Kambarage ukawa na wenyewe. Mashabiki wakaiita Chama la Wana, jina linaloeleza vizuri ni nani aliyekuwa mwenye mali. Mwaka uliofuata Mwadui nayo ikarejea Ligi Kuu chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, maarufu Julio, na ghafla mkoa mmoja ukawa na timu mbili za juu: moja ya ndani ya uzio, nyingine ya barabarani.

Kisha fedha za dhahabu zikafika stendi. Kampuni ya Acacia, iliyochimba Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, iliidhamini Stand United. Klabu ikamleta kocha Mfaransa Patrick Liewig na kumsajili mshambuliaji Elias Maguli. Badala ya neema ukaja mgogoro. Upande mmoja ulisema timu ni ya wanachama, mwingine ukasema ni ya kampuni. Mwaka 2016 udhamini ukavunjika. Wanachama waliolea timu tangu ikiwa mchangani walistahili kusikilizwa kwanza, lakini timu bila mfadhili nayo haisafiri. Stand ilishuka daraja mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021.

Geita, mji mwingine wa dhahabu, nayo ina ukurasa wake mchungu. Mwaka huohuo wa 2016, siku ya mwisho ya kundi lao la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 huku Polisi Tabora ikiichapa JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, lilizitia timu zote nne hatiani kwa upangaji matokeo na kuzishusha. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza.

Geita Gold ilirudi kwa njia safi. Ikiwa chini ya halmashauri ya mji na udhamini wa mgodi wa dhahabu wa Geita, GGML, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne. George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu iliyokuwa ikitumia uwanja wa Nyankumbu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mwaka 2024 ikashuka.

Historia hii imetawanyika kwenye makabati ya watu. Mwenye picha ya kikosi cha zamani cha Mwadui, kadi ya uanachama wa Stand au daftari la mahesabu ya klabu asiache viliwe na mchwa. Aandike majina nyuma ya picha, kisha apeleke nakala maktaba ya mkoa wakati waliocheza wangali hai kuyathibitisha.