Maboksi ya Mubariti: Historia ya Spika za Kwaya Yetu



Habari za walimu wa kwaya, safari na kanda tulizorekodi mtazisoma kwingine humu. Mimi kamati ilinipa vyombo. Magitaa na vinanda tumevibadilisha mara nyingi, kwa hiyo nimechagua kuandika juu ya maboksi matatu ya mbao yaliyo upande wa kushoto wa madhabahu, ambayo hayajabadilishwa hata mara moja.

Wengi hudhani boksi ni la kufunika spika tu. Spika inapocheza husukuma hewa ya mbele na papo hapo kuvuta ya nyuma. Ikiachwa wazi, hewa hizo mbili hukutana na kuuana, na besi ndiyo hupotea kwanza. Kazi ya boksi ni kuzitenganisha. Nalo likiwa la mbao nyembamba hutetemeka, mkasikia sauti ambayo hakuna aliyeipiga.

Hata wenye majina makubwa walianza hivyo. Leo Fender wa California alipoanza kuuza amplifaya kwa jina lake mwaka 1946, maboksi yalikuwa ya mbao ngumu iliyopakwa vanishi. Baada ya muda mfupi akahamia mbao za msonobari zilizofunikwa kitambaa. Kwetu Ruiru sababu za kuchagua mbao zilikuwa nyingine.

Mwaka 1999 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, isipokuwa kwa kampuni chache kubwa. Kwaya yetu ilianza wakati huo wa marufuku. Saipresi ikaadimika, na plaiwudi nzuri hatukuiweza kwa sadaka yetu. Mafundi wa barabara ya Thika wakageukia miti ya mashambani, na hapa kwetu huo ni mgrevilea, ambao wazee wanauita mubariti. Asili yake ni Australia. Uliletwa enzi za ukoloni na kupandwa kati ya mikahawa ili kuipa kivuli, ndiyo maana ulisimama mistari kwa mistari kuanzia Ruiru hadi Thika.

Mmoja wa waimbaji wetu wa besi ni fundi wa samani (ameniomba nisimtaje jina, nami namtii). Alinunua magogo kutoka shamba la kahawa lililokuwa likikatwa ploti. Mubariti una taabu zake: mbao mbichi huwawasha wengine ngozi, na ukiikausha haraka hupinda kama upinde. Kwa hiyo alizipanga kivulini, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite, akangoja. Kamati ikamsumbua kila Jumapili. Hakujibu. Zilipokauka alizipiga randa, akakata meno kwenye pembe yakaumana kama vidole, akatia gundi. Msumari hakutumia, kwa kuwa alisema msumari hulegea spika ikicheza. Ndani akabandika vipande vya godoro kuukuu. Alipomaliza msasa, ubao ukatoa yale madoa yanayong'aa kama hariri, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza kama tutayaimbia au tutayaweka sebuleni.

Kiangazi kimoja boksi la gitaa la besi lilipasuka ubavuni. Fundi alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba. Ukipitisha kidole utalihisi kovu hilo.

Sasa vijana wameomba tuyauze tununue spika za plastiki. Wana hoja: maboksi haya ni mazito, na tukienda mkutano wa nje yanahitaji wanaume wanne na pikapu. Ila spika ikiungua, fundi yeyote wa Thika hufungua skurubu na kubadilisha. Tena miti yenyewe imekwisha. Sehemu kubwa ya kahawa ya Ruiru sasa ni nyumba, na Tatu City imejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Mimi nitapiga kura yabaki, na tukodishe nyepesi kwa mikutano ya nje.

Jambo hili liko kwenye ajenda ya mkutano wa kwaya wa kwanza baada ya sherehe. Nilipomuuliza fundi anaonaje, alisema wakiyauza yeye atanunua moja, lile lenye kovu.