Jina na Kipaimara: Mafunzo ya Kanisa Unguja, 1864–1914

Neno kipaimara limeundwa kwa namna ambayo mshairi wa pwani hawezi kuikataa: kipa na imara, kitu kimpacho mtu uimara. Kanisa limeyaacha maneno yake mengi katika sura ya kigeni, ekaristi na katekisimu yakiwamo, lakini hili lilitafutiwa mwili wa Kiswahili, na maana yake inaonekana kwa kulitamka tu. Aliyebatizwa angali mchanga, asijue alichoahidiwa kwa niaba yake, huja siku moja akiwa na akili zake timamu, akayakiri mwenyewe yale yaliyosemwa na wasimamizi wake, kisha askofu akamwekea mikono kichwani. Kabla ya mikono hiyo kuna muda wa kufundishwa, na katika kisiwa cha Unguja muda huo una historia ya peke yake, kwa sababu ya wale waliofundishwa.

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, akifuatana na Dk. Edward Steere. Ilikuwa imeshindwa bara, katika nchi ya mto Shire, ambako askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Wanafunzi wake wa mwanzo kisiwani walikuwa wavulana watano waliotolewa katika chombo cha watumwa na kukabidhiwa kwa Tozer na Sayyid Majid. Baada yao walikuja wengi, wavulana wakapelekwa Kiungani, na baada ya shamba la Mbweni kupatikana mwaka 1871, watu wazima nao wakapewa makazi huko. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, kila mmoja na lugha aliyoiacha nyuma.

Sheria iliyowangoja ilikuwa imeandikwa Uingereza mwaka 1662. Kitabu cha Sala cha mwaka huo kinaagiza kwamba asiyepewa kipaimara, au asiye tayari na hamu ya kukipokea, asikaribishwe kwenye meza ya Bwana. Mtoto atakiwa aijue Imani, Sala ya Bwana na Amri Kumi, na aweze kuyajibu maswali ya katekisimu fupi. Kwa mtu mzima mpango hugeuka: mafunzo hutangulia ubatizo wenyewe, na kipaimara hufuata mapema iwezekanavyo. Waliouandika mpango huo walikuwa na mawazo ya kijiji cha Kiingereza, chenye mtoto wa jirani na mzazi wa kumleta kanisani. Kiungani hapakuwa na mzazi.

Jambo la kwanza lilikuwa lugha. Kiswahili, kilichochaguliwa kuwa lugha ya mafunzo, hakikuwa cha mwalimu wala cha mwanafunzi. Wote wawili walikuwa wageni wake, na pengine hilo liliwasawazisha kidogo. Steere alijifunza kwa wenyewe, na mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha sarufi pamoja na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwapo Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, kadhi mzaliwa wa Barawa, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Sheikh huyo huyo alikuwa mhojaji hodari wa Wakristo katika mambo ya dini. Kwa hiyo kijana aliyeketi kujifunza maana ya dhambi, toba, neema na sala alifundishwa kwa maneno ambayo msikiti wa jirani ulikuwa ukiyatumia tangu zamani, na ambayo mwalimu wake aliyachukua humo humo. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa udhaifu wa misheni. Ni haki zaidi kuliona kuwa deni, na Steere hakulificha deni lake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katekisimu ya mwaka 1662 huanza kwa kumwuliza mwanafunzi jina lake, kisha humwuliza ni nani aliyempa jina hilo. Kwa mtoto wa Kiingereza hayo ni maswali ya kufungulia somo tu. Kwa mtu aliyetekwa, akatembezwa hadi pwani na kuuzwa, hapakuwa na swali gumu kuliko hilo. Alikuwa na jina la kwao, na huenda la mnunuzi, na sasa la ubatizo. Jibu alilofundishwa liliwataja wasimamizi wake wa ubatizo; halikuwa na nafasi ya mama aliyemwita mara ya kwanza. Hata hivyo majina yalijitafutia njia yake. Tazama yale yaliyobaki katika kumbukumbu: John Swedi, mmoja wa wale watano, George Farajallah, Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuuzwa, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Nusu ya jina ni ya Uingereza, na nusu ya pili huzungumza habari ya faraja na majaliwa kwa lugha ambayo kila Mswahili anaielewa.

Katika katekisimu hiyo hiyo mna fungu la wajibu kwa jirani, linalomtaka mwanafunzi ajinyenyekeze kwa wakubwa, na mabwana wakitajwa miongoni mwao. Sokoni Mkunazini watu waliuzwa hadi mkataba wa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa hapo hapo siku ya Krismasi ya mwaka huo. Kumfundisha mtu aliyepita hapo kwamba awatii mabwana kulihitaji mwalimu mwenye haya.

Ugumu wa mafunzo hayo ndio unaosaidia kuuelewa ugomvi wa mwaka 1913. Mwezi wa Juni mwaka huo wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika misheni ya Kiskoti, kuzungumzia umoja. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya ushirika, wakashiriki watu ambao hawakupewa kipaimara na askofu yeyote. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908, aliyewahi kufundisha Kiungani, aliwashitaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa kosa la uzushi na mfarakano. Alionekana mkali kupita kiasi, na kweli alikuwa mkali. Lakini watu wake walikuwa wameambiwa miaka nenda rudi kuwa mlango ni mmoja na hauna njia ya mkato, nao wakaungoja. Je, angewaambia nini sasa?

Kamati ilikaa London mwezi wa Julai 1914, siku chache kabla ya vita kuzuka, na Askofu Mkuu Davidson akatoa kauli yake mwaka 1915, ikaruhusu haya na kuzuia yale, pasipo kumridhisha kila mtu. Mwaka 1916 Weston alikuwa bara, akikiongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja waliobeba mizigo ya jeshi.