Datsun ya Rali Haiuzwi Kama Vitz

Wasee, kama wewe ni wa kuskrol matangazo ya magari saa sita usiku badala ya kulala, unajua vile huenda. Vitz, Demio, Vitz, Note, halafu ghafla inatokea Datsun 160J. Rimu pana, imeshushwa chini, kioo cha nyuma kimejaa stika. Na muuzaji ameandika maneno saba pekee: "Datsun ya rali. Injini imebadilishwa. Bei tuongee."

Huyo msee anajiibia. Ana kipande cha historia ya Kenya kwa kiwanja chake na anakiuza kama kochi la kuhama nyumba.

Turudi nyuma kidogo. Safari Rally ilianza 1953, ikiitwa Coronation Safari, sherehe ya wakoloni kumtawaza Malkia Elizabeth. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa barabara za kawaida zenye ng'ombe, malori na wewe ukienda sokoni. Hazikufungwa. Baadaye msimu ukawa Pasaka, mvua ndefu ikianza, kwa hivyo ni tope upande mmoja na vumbi upande mwingine. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 tena yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake, ndiyo maana wazee wa hapa Thika bado wanaongea kuhusu Peugeot kama ndugu wa damu.

Huo mwaka wa 1963 ndio Nissan walikuja mara ya kwanza na magari yao ya Datsun. Watu waliyaona kama mchezo. Lakini Wajapani walirudi mwaka baada ya mwaka, wakivunja vitu, wakiandika nini kimevunjika, wakienda nyumbani kukiunda upya. Hadi filamu walitengeneza: Safari 5000, ya 1969, Yujiro Ishihara akiwa staa. Mwaka uliofuata, 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS. Sedan ya milango minne, bana. Gari la kupeleka watoto shule.

Hapo ndipo mambo yalibadilika. Mkenya aliona gari ambalo angeweza kulinunua likipita tope lililomeza wengine. Uliza guka wako ni kwa nini mtaa mzima ulikuwa na Datsun. Hakuna tangazo la redio lingefanya hivyo.

Halafu kuna Shekhar Mehta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wa umri wetu hawamjui. Alizaliwa Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akahamia Kenya. Mwaka 1973 akashinda Safari na Datsun 240Z, akiwa amefungana pointi na mwenzake wa timu, Harry Källström, hadi ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 akashinda tena, mfululizo, akiwa na Mike Doughty kiti cha pembeni na Violet, ambayo sisi tuliijua kama 160J. Mara tano kwa jumla. Hakuna aliyempita hadi leo. Na mwaka 1979 aliyemfuata nyuma alikuwa Hannu Mikkola kwa Mercedes 450 SLC ya silinda 8. Datsun ilikuwa na 4.

(Najua mashabiki wa Mitsubishi wameshaanza kuandika. Ndiyo, Joginder Singh alishinda na Lancer 1974 na 1976, na hiyo 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Heshima yenu ipo. Hiyo nitaiandikia siku yake.)

Sasa rudi kwa lile tangazo. "Datsun ya rali" maana yake nini? Gari la timu ya kiwanda ni kitu kimoja. Gari la mtu binafsi aliyeliandaa kwa fundi wake na akashindana wikendi ni kitu kingine. Na gari la mzee wa kanisa lililopakwa rangi za rali mwaka jana huko Gachororo ni kitu cha tatu kabisa. Bei haziwezi kuwa sawa. Kwa hivyo muuzaji, tafuta ushahidi. Bodi iliyoshindana huwa na alama: maungio yamechomelewa zaidi, kuna matundu ya ile fremu ya vyuma inayomlinda dereva, kuna mahali bamba la kukinga injini chini lilifungwa. Tafuta picha za zamani. Tafuta ile cheti ya mashindano. Mpigie simu aliyekuuzia, na aliyemuuzia yeye, kabla hawajafa na hizo hadithi.

Kuhusu kubadilisha injini, mimi si wa wale wanalia. Gari la rali halijawahi kuwa "orijino" siku moja. Kila jioni mafundi walikuwa wanabadilisha kitu. Weka SR20 kama unataka kufika Nakuru bila maombi. Lakini ile injini ya kwanza usiiuze kwa vyuma chakavu. Ifunge kwa turubai, iende na gari. Na hakikisha namba ya injini mpya iko kwa logbuku, NTSA wanajua, kwa sababu mnunuzi mwenye pesa ya kweli ataangalia hapo kwanza kabla hata ya kuwasha.

Huyo mnunuzi mwenye pesa ya kweli mara nyingi hakai Juja. Anaweza kuwa Uingereza au Japan, na anajua vizuri kuliko sisi hilo gari ni nini. Sitamlaumu mtu kwa kuuza, kodi ya nyumba ni kodi ya nyumba, na mimi mwenyewe niliacha chuo kwa hesabu kama hizo. Ila kumbuka sheria yetu inataka gari linaloingizwa nchini lisizidi miaka 8. Vitz ikiondoka, kesho meli inaleta nyingine. 160J ikipanda kontena pale Mombasa, kuirudisha ni vita.

Kwa hivyo kabla hujamjibu yule wa ng'ambo, weka tangazo upya, refu, na picha za chini ya gari, na jina la kila aliyelimiliki kama wamekubali. Lipe wiki mbili hapa nyumbani. Kuna vijana Ruiru wameungana watano kununua gari moja, nimewaona. Wape nafasi ya kupiga simu kwanza.