Sataranji kwenye simu: chagua muda unaoendana na mtandao wako

Kwa msikilizaji anayecheza sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, kwa simu akiwa Kibondo au Kasulu, kuna njia mbili za kushindwa. Ya kwanza ni mfalme wako kubanwa akakosa pa kukimbilia. Ya pili ni kuishiwa muda huku mtandao ukizunguka tu, hata kama kete zako ni nyingi kuliko za mwenzako. Kushindwa kwa njia ya kwanza kunafundisha. Kwa njia ya pili kunakatisha tamaa, na wapo wanaoacha mchezo wakidhani hawana akili ya kuucheza.

Katika makala hii tunaeleza jinsi saa ya sataranji inavyofanya kazi, kwa nini mtandao hafifu unakula muda wako, na mpangilio gani wa muda unamfaa mchezaji wa huku milimani.

Saa ya sataranji ilianzaje?

Bao tunalolicheza chini ya mwembe halina saa. Anayekawia kucheza huchekwa na watazamaji, basi. Katika mashindano ya sataranji hali ni tofauti: kila mchezaji ana saa yake, na inatembea wakati wa zamu yake tu. Saa za namna hiyo, mbili zilizounganishwa, zilitumika katika mashindano ya London mwaka 1883.

Badiliko kubwa lililofuata lililetwa na Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972. Alibuni saa inayomwongezea mchezaji sekunde chache kila anapomaliza kusogeza kete. Saa hiyo ilitumika mwaka 1992 alipopambana tena na Boris Spassky kule Yugoslavia. Nia yake ilikuwa kwamba mtu mwenye mchezo mzuri asishindwe kwa sababu tu sekunde zimemwishia. Leo nyongeza hiyo ipo kwenye simu yako, ukijua pa kuitazama.

Namba mbili kwenye skrini

Ukifungua Lichess au Chess.com utakuta namba kama 3+0, 3+2, 10+0 au 15+10. Chess.com huweka mstari wima badala ya alama ya kujumlisha. Namba ya kwanza ni dakika anazopewa kila mchezaji mwanzoni. Ya pili ni sekunde anazoongezewa kila anapocheza.

Lichess hukadiria urefu wa mchezo kwa kuhesabu kwamba kila mchezaji atacheza mara 40. Kwa hesabu hiyo:

- 3+0 inakupa dakika 3 tu.
- 3+2 inakupa dakika 4 na sekunde 20.
- 5+3 inakupa dakika 7.
- 10+0 inakupa dakika 10 kamili.
- 15+10 inakupa dakika 21 na sekunde 40.

Michezo ya chini ya dakika 3 huitwa buleti, inayofuata ni blitzi, kisha rapidi. Kwenye Lichess, mchezo unaokadiriwa kufika dakika 25 au zaidi kwa kila mchezaji huitwa klasiki.

Mtandao ukikata, nini hutokea?

Saa ya mchezo haitunzwi na simu yako. Inatunzwa na kompyuta kuu ya jukwaa, iliyo mbali sana na Kigoma. Ukisogeza kete wakati mtandao umekata, taarifa haifiki, na kompyuta hiyo inaona bado ni zamu yako. Muda unaendelea kuhesabiwa. Lichess hurudisha sehemu ya muda mdogo unaopotea taarifa ikichelewa njiani, lakini haiwezi kufidia mtandao uliokatika kabisa. Ukipotea kwa muda mrefu, mpinzani wako huruhusiwa kudai ushindi.

Tuchukue mfano. Mtandao umekata kwa sekunde 40. Katika mchezo wa 3+0 umepoteza zaidi ya moja ya tano ya muda wako wote, na hakuna kitakachourudisha. Katika mchezo wa 15+10, hatua nne tu ukizicheza haraka zinakurudishia karibu sekunde zote hizo. Ndiyo maana tunasema namba ya pili ni muhimu kwetu kuliko ya kwanza. Anayekaa karibu na mnara mjini Kasulu anaweza kumudu 3+2. Aliye bondeni, ambako mtandao huja na kuondoka, aanzie 10+5 au 15+10.

Mchezo wa siku

Upo pia mpangilio ambao hauhitaji mtandao wa kudumu. Badala ya dakika, kila mchezaji hupewa siku: moja, tatu, saba au hata 14 kwa kila hatua. Unacheza asubuhi ukiwa kilimani penye mtandao, unazima data na kwenda shambani, jioni unaangalia kama mwenzako amejibu. Ni sataranji ya zamani ya kuandikiana barua, iliyohamia kwenye simu.

Mpangilio huu unafaa pia kwa watu waliotenganishwa na safari. Wapo waliokuwa kambi ya Nyarugusu wakahamishiwa Marekani, na wapo waliokuwa Nduta wakarejea Burundi. Kati yetu na miji ya mashariki mwa Marekani kuna tofauti ya saa saba au nane. Sisi tukiamka, wao wamelala. Kwa mchezo wa siku, hakuna anayelazimika kukesha. Lakini kumbuka: siku zikipita bila kucheza, umeshindwa.

Watoto na wanaoanza

Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, kwa ubao na mwalimu mvumilivu. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, Shirikisho la Sataranji la Dunia (FIDE) na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walianzisha mafunzo ya mchezo huu mwaka 2021. Anayeanza anahitaji muda wa kufikiri. Tunawashauri walimu na wazazi wasiwaanzishe watoto na buleti. Kama simu ni moja na mna ubao, programu ya Lichess ina saa unayoweza kuiweka mezani bila intaneti.

Majukwaa yaboreshe nini?

Yapo mambo mazuri tayari. Kwenye Lichess unaweza kumwongezea mpinzani sekunde 15 kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ni uungwana kufanya hivyo ukijua mtandao wake unasumbua. Chess.com ina likizo kwa michezo ya siku.

Kwa maoni yetu, yanahitajika mengine mawili. Kwanza, katika michezo ya kirafiki, wachezaji wawili wakikubaliana waweze kusimamisha saa. Pili, mtu ambaye mtandao wake ni hafifu aoneshwe mapema mipangilio yenye sekunde za nyongeza, badala ya kupelekwa moja kwa moja kwenye 10+0 au 3+0. Majukwaa hupokea maoni ya watumiaji. Tuyatume, kwani anayekaa jirani na mnara hawezi kujua adha ya anayekaa bondeni.

Kabla ya kuanza mchezo

- Hakikisha kifurushi chako hakiishi katikati ya mchezo. Sataranji yenyewe hutumia data kidogo sana kuliko video.
- Kwenye mtandao wa 2G, simu ya kuongea ikiingia data husimama. Waambie wenzako wasikupigie kwa nusu saa.
- Zima hali ya kuokoa chaji, kwani inaweza kuifunga programu.
- Mtandao ukiyumba, cheza mchezo usiohesabiwa alama.
- Mtandao ukikosekana kabisa, cheza na kompyuta iliyo ndani ya programu. Haihitaji intaneti.

Ukishindwa, pitia mchezo wako na utazame saa yako ilibaki na ngapi. Hapo utajua kama umezidiwa na mpinzani, au ulichagua muda usioendana na mahali ulipo.